Kipindupindu kikibisha hodi penye mzee anayesahau

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa mlipuko wa maradhi ni kitu gani. Lamu iliona chikungunya mwaka 2004, watu wakawa wanatembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Mombasa ikapata homa ya dengue mwaka 2013, kisha chikungunya kuanzia mwisho wa 2017. Korona tunaikumbuka sote. Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka nchini kikaendelea hadi mwaka uliofuata, na Julai 2024 kisa cha kwanza cha mpox nchini Kenya kiligunduliwa Taita Taveta, hapa hapa Pwani. Mvua ikizidi, mifereji ikikauka, mbu wakijaa, tunajua kinachoweza kufuata.

Na kila mara matangazo ni yale yale: nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji ya kunywa, usikaribiane na mgonjwa, ukiona dalili nenda hospitali. Matangazo hayo ni sawa na yameokoa watu. Lakini yametungwa kwa mtu anayeweza kusikia sheria leo na kuikumbuka kesho. Ndani ya nyumba zetu wamo wazee wasioweza. Ukimwambia saa mbili asubuhi asinywe maji ya mtungi ule, saa mbili na robo utamkuta na kata mkononi.

Mimi naishi na mzee wa namna hiyo. Mamangu ana mwaka wa saba sasa na maradhi ya kusahau, ambayo madaktari huyaita dimenshia, na ndani ya miaka hiyo tumepita naye zaidi ya mlipuko mmoja. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa wauguzi, kwa kusoma na kwa kuulizana na wenzangu wenye wazee. Nayaelekeza kwa yule binti, mkwe, mjukuu au mfanyakazi wa nyumbani ambaye ndiye anayemwosha mzee, kumlisha na kumlaza.

Tuelewane kwanza kuhusu maradhi yenyewe. Huku kwetu husemwa bibi amerudi utotoni, na wako wanaonong'ona habari za kurogwa. Dimenshia si utoto wala si uchawi, na si kila mzee huipata. Ni ubongo unaoharibika kwa maradhi. Yanayoongoza ni yale ya Alzheimer, na mengine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo iliyoharibiwa na presha au kiharusi. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu.

Jambo moja katika maradhi haya ndilo linalomfaa mlezi kuliko yote. Kumbukumbu mpya ndizo hutangulia kupotea, na mazoea ya zamani hudumu muda mrefu. Mzee hawezi kujifunza sheria mpya katikati ya mlipuko, ila anaweza kuendelea na alichokifanya kwa miaka 60. Mamangu ukimwambia anawe mikono kwa sababu kuna kipindupindu, atakuuliza nani anaharisha, na baada ya dakika tano atauliza tena. Lakini ukimletea birika na beseni, ukammiminia maji taratibu kama anavyomiminiwa mgeni kabla ya chakula, mikono inakuja yenyewe. Sabuni unaiweka kiganjani mwake bila hotuba. Kutawadha nako ni hivyo hivyo. Mzee aliyesahau jina la mjukuu bado anajua baada ya uso ni mikono mpaka kwenye viwiko. Kwa kuwa wudhu hauna sabuni, tanguliza sabuni kisha atawadhe. Mzee asiyekuwa Muislamu naye ana zoea lake, nawe unalijua, basi lifungamanishe na sabuni.

Hii ndiyo maana nasema maandalizi yafanywe sasa, wakati hakuna tangazo lolote redioni. Zoea jipya huchukua wiki nyingi kumwingia mzee, na mengine hayamwingii kabisa. Usingojee kipindupindu ndipo umbadilishie chombo cha maji. Anza leo kutia maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ndani ya mtungi ule ule anaouendea kila siku, na usiache mahali anapoweza kufika ndoo yoyote ya maji yasiyotibiwa. Ukiweza kupata chombo chenye bomba ni bora zaidi, kwa sababu kata na vidole huchafua maji yaliyokuwa safi. Kiweke pale pale mtungi ulipokuwa. Kukisogeza hatua tatu tu kunatosha kumpoteza.

Papo hapo niseme kuhusu jiki. Mlipuko ukija, nyumba hujaa dawa za kuulia vijidudu, na mzee mwenye dimenshia huweza kunywa chochote kilicho ndani ya chupa anayoijua. Usimimine jiki wala sanitaiza kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa usiku mmoja. Ifungie.

Sasa tufike kwenye lile linalowapoteza wazee wengi. Mzee huyu hawezi kukwambia anaumwa. Hatakwambia kichwa kinamgonga wala tumbo linamsokota, na wakati mwingine hata homa haipandi, kwa sababu mwili wa mzee hauchemki upesi kama wa kijana. Dalili ya kwanza aghalabu huwa ni tabia. Jana alikuwa anakula mwenyewe, leo anatazama sahani. Jana alijua njia ya chooni, leo kajikojolea na haelekei kujali. Analala mchana kutwa na ni shida kumwamsha, au anahangaika usiku kucha akimwita mtu aliyekufa zamani. Watu wa nyumbani husema maradhi yake ya kusahau yamezidi. Lakini dimenshia haizidi kwa siku moja. Ikibadilika kwa saa au siku chache, kuna kitu kingine mwilini, na mara nyingi ni maambukizi, maji kupungua, au dawa.

Jambo hili lilionekana wazi wakati wa korona. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2020, wazee 817 wenye korona waliofikishwa kwenye idara za dharura za hospitali saba walichunguzwa, na asilimia 28 walikuwa na hali hiyo ya kuchanganyikiwa kwa ghafla. Kati ya hao, zaidi ya theluthi moja hawakuwa na homa wala kushindwa kupumua. Kama mlezi angesubiri kikohozi ndipo aende hospitali, angesubiri bure.

Na maumivu vile vile. Mtu mwenye akili zake akipata chikungunya hulia viungo vyake. Mzee wetu atakataa kuogeshwa, atakupiga ukimshika mkono kumvisha, atatukana. Tutasema amekuwa mkorofi, kumbe kila ukimgusa kifundo anaungua. Siku mzee aliyekuwa mpole anapogeuka, mtazame uso unapomgusa, mguse viungo kimoja kimoja, mpime joto. Kipimajoto cha mia chache cha dukani kina faida kubwa katika nyumba hii kuliko maswali.

Ili utambue mabadiliko sharti ujue kawaida yake. Andika kwenye daftari, angalau mara moja kwa wiki: anakula kiasi gani, anakunywa bilauri ngapi, anakwenda haja vipi, analala saa ngapi, anatembea vipi, anamtambua nani. Mistari mitano inatosha. Ukifika kwa daktari ukasema "kabadilika tangu juzi Alhamisi, alikuwa akinywa bilauri sita sasa anakunywa moja", utasikilizwa tofauti na ukisema "hayuko sawa".

Kipindupindu kina haraka yake. Mtu anaweza kupoteza maji mengi ndani ya saa chache na akafa siku hiyo hiyo asipotibiwa, na mzee huanza akiwa nyuma tayari, kwa kuwa hisia ya kiu hupungua na umri, na mwenye dimenshia husahau kunywa hata kabla ya kuugua. Weka ndani pakiti kadhaa za ORS na usome kila pakiti ni ya maji kiasi gani. Pakiti zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Dafu si vibaya, ila chumvi yake ni ndogo, haliwezi kushika nafasi ya ORS.

Kumnywesha ndiko kazi. Bilauri nzima ataisukuma. Mkalishe wima, mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe anachokipenda, nawe unywe chako mbele yake, maana mzee huiga. Akisinzia usimlazimishe, maji yataingia mapafuni. Kufinya ngozi kuona kama inarudi, kama tunavyofanya kwa watoto, hakuaminiki kwa mzee kwa sababu ngozi yake imelegea siku nyingi. Tazama ulimi mkavu, macho yaliyoingia ndani, mkojo mchache wa rangi nzito, kizunguzungu akisimama. Akiharisha maji maji wakati kuna kipindupindu mtaani, usikae kumtazama mpaka asubuhi. Mpeleke huku ukimnywesha njiani. Na dawa za kufunga tumbo usimpe.

Mambo mawili ya dawa uyaulize kabla hujahitaji. Wazee wengi wanakunywa vidonge vya presha vya kuongeza mkojo, au wana dawa za sukari. Muulize daktari kliniki ijayo: akiharisha au akitapika, kipi kisimamishwe na kipi kiendelee? Kama ana moyo au figo, uliza pia kiasi cha ORS. Andika jibu daftarini. Pili, yale madawa tunayoyanunua dukani kwa mafua na mwasho, ya jamii ya Piriton, huweza kumzidishia mzee kuchanganyikiwa. Na wakati wa homa ya dengue au unaposhuku dengue, homa ni ya kupunguzwa kwa paracetamol. Aspirini, brufeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa na damu. Kama daktari alimwandikia aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo, usiikate kichwani mwako, mpigie simu.

Nikitaja dengue nimetaja maji ya akiba. Mbu wa dengue na chikungunya huuma mchana na huzaliana kwenye maji masafi yaliyosimama, na sisi kwa shida ya maji tumejaza mapipa na majerikeni hadi vyumbani. Mzee anayeshinda kitandani au barazani mchana kutwa ndiye chakula cha mbu huyo. Funika vyombo, vioshe kwa kuvisugua kila wiki, na neti isiwe ya usiku tu. Akilala adhuhuri, ishushe.

Wageni ni suala linalohitaji ujasiri. Desturi yetu ni kumjulia hali mgonjwa, kumbusu mzee mkono, kula sinia moja. Sitaki kuvunja hata moja kati ya hizo, na mzee mwenye dimenshia anahitaji watu kuliko dawa. Ila wakati wa mlipuko, watu wawili walewale kila siku ni bora kuliko ishirini wa kupokezana, na mlinda mlango asiwe yule mlezi, kwani binti hawezi kumzuia shangazi. Mpeni kazi hiyo kaka mkubwa au mjomba, atume ujumbe kwenye grupu la familia kabla wageni hawajapanda feri. Mzee atengewe sahani na kikombe chake.

Barakoa humtisha. Anamwona mtu asiyekuwa na mdomo. Ikibidi uivae, msemeshe kwa jina lake ukiwa bado mlangoni, akusikie sauti kabla hajakuona, kisha keti usawa wa macho yake. Kumvisha yeye mwenyewe mara nyingi ni kazi bure, hivyo walinde wanaomkaribia, na dirisha liwe wazi.

Hayo yote yanamtegemea mtu mmoja, na hapa ndipo nyumba zetu zilipo dhaifu. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hutoa asilimia 70 ya saa za kuwatunza watu wenye dimenshia. Mimi nazungumza na wenzangu wa Likoni, Majengo na Malindi, na hadithi haibadiliki: watoto ni sita, anayejua vidonge ni mmoja. Anajua kidonge cheupe ni cha usiku, anajua mama hali mpaka redio izimwe, anajua akilia jioni aulizwe habari za Pemba. Yote yamo kichwani mwake. Na mlipuko huanza na yeye, kwa sababu ndiye anayekwenda sokoni na hospitali, na ndiye anayefua matapishi.

Mwaka 2020 tuliona jinsi mlango unavyoweza kufungwa ghafla. Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale zilizuiwa watu kuingia na kutoka. Mapema Mei, Mji wa Kale ukafungwa peke yake. Mfanyakazi wa nyumbani aliyekuwa amekwenda kwao Kaloleni hakuweza kurudi. Binti aliyekuwa akivuka kila asubuhi kumwosha babake hakuweza kuvuka. Kwa walio visiwani, Pate au Kizingitini, hauhitaji hata amri ya serikali, upepo wa kusi ukivuma mashua haziendi.

Kwa hivyo atafutwe mtu wa pili, na ajulikane kwa jina. "Tutasaidiana" si jina. Awe mtu anayeweza kufika kwa miguu ikiwezekana, na aje angalau siku mbili kwa mwezi kumwosha na kumlisha mzee wewe ukiwepo, kisha siku moja wewe usiwepo. Mzee azoee mikono yake. Ukiugua ghafla ukamkabidhi mgeni, mzee ataacha kula. Nawaambia kina kaka wasomao hapa: kutuma pesa ni jambo jema na tunashukuru, lakini pesa haiwezi kumgeuza mzee kitandani. Jifunzeni. Mzee wa kiume hasa mara nyingi huona haya kuoshwa na bintiye, na mwanawe wa kiume akiweza kazi hiyo ni faraja kwa wote wawili.

Mtu wa pili akae na daftari. Humo muwe na dawa zote, kipimo na saa, na picha ya kila kidonge kwenye simu. Namba za daktari, duka la dawa, dereva wa tuktuk anayekubali kuja usiku, na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Wahudumu hawa tangu 2023 wanapita majumbani kaunti zote, na wengi hawajui kama ndani kuna mzee wa aina hii mpaka waambiwe. Weka pia dawa za presha na sukari za wiki mbili zaidi ya zinazohitajika, nepi za watu wazima, glovu, sabuni na chakula anachokubali kula. Ukiweza mara moja si haba, usipoweza ongeza kidogo kila mwezi.

Anayehudumia haja za mzee anayeharisha avae glovu, anawe kila baada ya kumgusa, na asimpikie mtu siku hizo kama yupo mwingine wa kupika. Jiki ya asilimia 3.5 ikichanganywa kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji ndiyo ya kusafishia palipomwagika matapishi au kinyesi. Usiichanganye na sabuni nyingine ya chooni, moshi wake hudhuru. Kama ni wewe uliyeugua na hakuna wa kukupokea, vaa barakoa, fungua madirisha, punguza muda wa kumkaribia, lakini usimwache na njaa kwa kuogopa kumwambukiza.

Ibaki hospitali. Wodi ya kutengwa huwa haina ndugu, ina watu waliovaa kanzu za plastiki na miwani, na mzee atang'oa sindano ya maji akitafuta njia ya kwenda nyumbani. Andaa karatasi moja, ikae ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho na namba yake ya SHA. Iandikwe: jina lake na jina analoitikia, kama anasikia vizuri na kwa sikio lipi, kama Kiswahili chake kimerudi kuwa Kibajuni au Kigiriama cha utotoni, dawa zake na zinazomdhuru, anavyotembea na kula akiwa mzima, kitu kinachomtuliza, na simu za watu wawili. Mamangu karatasi yake inasema ashikishwe tasbihi. Omba mtu mmoja aruhusiwe kukaa naye kwa kinga zinazotakiwa, ueleze kwamba bila mtu hatakunywa ORS. Omba kwa adabu, na umuombe msimamizi wa zamu, si mlinzi wa getini. Wakikataa, omba muda maalumu wa kupigiwa simu ili asikie sauti.

Akiwa huko au akiwa nyumbani, huenda akatoka nje akapotea, na wakati wa kafyu hiyo ni hatari mara mbili. Mshonee namba ya simu ndani ya kanzu au buibui, kisha waambie wa barazani, muuza duka na vijana wa bodaboda wa kituo cha karibu: huyu ni mzee wetu, akipita peke yake saa yoyote, mkamateni kwa upole mtupigie. Wape na namba ya yule mtu wa pili.